Mali Kauli Haifundishwi Ubaoni



Nina jambo nalileta barazani, na nalileta kwa sababu limeshatugombanisha sisi wenyewe, watu wa Tanga tunaoishi huku katikati ya Uingereza. Chama chetu ni kidogo, hakina hata jina la kutisha. Tunachanga kila mwezi, mmoja akifiwa tunasimama naye, na kinachobaki tunakipeleka nyumbani. Mwaka jana zilibaki paundi 2,400. Wengi wanataka tununue kompyuta zilizotumika, tuzipeleke kwenye shule moja ya sekondari kule Muheza, mkuu wa wilaya aje, tupigwe picha. Mimi nilisema hapana, na tangu siku hiyo kuna watu wawili hawapokei simu zangu.

Niliambiwa nina wivu na maendeleo. Basi naomba nieleze kwa kirefu kile nilichoshindwa kukieleza kwa dakika tano, huku mwenyekiti akitazama saa.

Naishi Leicester. Kwa asiyeijua, huu ndio mji ambao ukipita Belgrave Road wakati wa Diwali unaweza kudhani umepotea njia ukatokea Bombay. Maduka ya dhahabu, maduka ya sari, maduka ya mithai, na nyuma ya kaunta mara nyingi utamkuta mzee ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili anaacha kuhesabu pesa na kukuuliza umetoka upande gani. Hao ni Wahindi wa kwetu. Idi Amin alitangaza Agosti 1972 kwamba wana siku 90 za kuondoka Uganda. Waliofika Uingereza walikuwa kama 28,000. Na halmashauri ya mji huu wa Leicester, Septemba mwaka huohuo, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia kwamba kwa faida yao wenyewe wasije. Walikuja. Leo mji huohuo unajivunia taa zao za Diwali kwenye vipeperushi vya utalii.

Sasa kila tukikaa sisi Waswahili tukapita mitaa hiyo, maneno ni yaleyale: "Hawa wana damu ya biashara." Au: "Wanasaidiana, sisi tunaoneana choyo." Mimi neno la damu nimelichoka. Nimekaa na watu hawa zaidi ya miaka ishirini, nimefanya kazi kwenye maghala yao, nimekula harusi zao, na damu sijaiona. Nilichokiona ni malezi. Malezi hayo yana utaratibu wake, na utaratibu ni kitu kinachoweza kuigwa.

Kwanza tuondoe hadithi ya kwamba walishuka kwenye ndege wakafungua maduka. Wengi waliingia viwandani. Mwaka 1974 mji huu ulikuwa na mgomo mkubwa kwenye kiwanda cha Imperial Typewriters, na waliogoma wengi walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki wakilalamikia malipo na ubaguzi kazini, chama cha wafanyakazi kikiwatazama tu. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo duka halikuwa zawadi. Lilikuwa njia ya kutoka.

Kuna mama mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, ambaye nilimfanyia kazi ya kubeba marobota ya vitambaa nilipofika. Alinihadithia jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo. Alipokuwa na miaka minane, baba yake alimsimamisha juu ya kreti la soda ili afikie mzani, akamkabidhi sukari na chumvi. Siku moja akamzidishia mteja. Baba hakumpiga. Alifungua daftari la madeni, akaandika jina la mtoto wake, akaandika na ile robo ya sukari iliyopotea. Mtoto wa miaka minane ana ukurasa wake kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote! Akalilipa deni lile kwa kuuza karanga alizozikaanga mwenyewe, karanga za kukopeshwa na mama yake. Na karanga zilipobaki na faida, faida ilikuwa yake. Hakuna aliyemwambia aipeleke kwa mwalimu.

Nilimuuliza swali la pili, na hili halikumfurahisha. Mlikuwa na mfanyakazi Mwafrika dukani? Ndiyo, alikuwepo, miaka kumi na moja. Alipima sukari ileile kwa mzani uleule. Je, daftari aliwahi kuonyeshwa? Mama akanyamaza, akakunja kitambaa alichokuwa amekishika, kisha akasema, "Hapana. Hakuonyeshwa."

Hapo ndipo pana jibu lote la damu. Watu wawili dukani, mmoja ana miaka minane, mwingine ni mtu mzima. Mmoja anafundishwa duka, mwingine anafundishwa kubeba. Baada ya miaka kumi na moja tunashangaa kwa nini mmoja anajua biashara.

Na ilikuwa pia sheria. Wengi hatukufundishwa hili darasani. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa: aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa ni kwa ajili ya kutulinda tusizame kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla alimpa Mhindi mwenzake shehena nzima kwa neno la mdomo, na Mwafrika alitakiwa alete pesa taslimu. Anayejua Kariakoo anajua kitu hicho kinaitwaje: mali kauli. Unachukua mzigo leo, unauza, unarudisha pesa ya watu, unachukua tena. Mtaji wake ni jina lako. Ukimnyima mtu mali kauli kwa miaka arobaini, umemnyima shule.

Tazameni wale wakubwa walianzaje. Alidina Visram alitoka Kutch, India, akafika pwani yetu mwaka 1863 akiwa na miaka kumi na miwili tu. Hakuwa na duka. Alikwenda kuwa msaidizi wa Sewa Haji Paroo pale Bagamoyo, tajiri aliyekuwa akiziandalia misafara ya bara nguo, shanga na waya. (Ndiyo, huyohuyo ambaye jina lake wagonjwa wa Muhimbili wanalitaja kila siku, wodi ya Sewahaji, bila kujua alikuwa nani.) Kijana akajifunza bidhaa gani inatakiwa Tabora na ipi inatakiwa Ujiji, nani analipa na nani halipi. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yamesambaa kutoka pwani hadi Uganda, na vijana aliowaleta na kuwaweka kwenye maduka hayo wakaja kuwa matajiri wenyewe. Mlolongo ni huo: msaidizi, kisha mali kauli, kisha duka lako, kisha nawe unamchukua msaidizi.

Msiseme ni Wahindi tu. Waigbo wa Nigeria walitoka kwenye vita vya Biafra mwaka 1970, na serikali ikaamua kwamba mwenye akaunti benki, hata kama alikuwa na maelfu, apewe paundi 20 za Nigeria. Walirudi sokoni kwa utaratibu wao wa zamani: kijana anakwenda kukaa na bwana wake miaka mitano, sita, saba, anafanya kazi bila mshahara, na muda ukiisha bwana anamfungulia biashara yake. Na kwetu pia, Wakinga wa Makete waliojaza maduka ya Mbeya wakaja hadi Kariakoo, na Wapemba ambao hakuna mji wa pwani usiowakuta, wanafanya yaleyale. Wote hao wametoka kwao. Mgeni hana shamba la babu wala mjomba ofisini, hivyo anamlea mtoto wake mapema.

Sasa turudi shuleni, maana ugomvi wetu ni wa shule.

Mimi nimesoma shule ya msingi Muheza, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mnaoijua barabara ya Segera kwenda Tanga mnaijua Muheza kwa machungwa. Basi likisimama, watoto wanalizunguka. Nilikuwa mmoja wao. Niwaambie kilichohitajika pale. Kwanza kumenya ili ganda la kijani litoke lakini nyama isichubuke, maana chungwa lililochubuka halifiki jioni. Pili, kujua basi. Abiria wa kutoka Arusha ana kiu na haijui bei ya Muheza. Abiria wa Pongwe anaijua na atakutukana. Basi la asubuhi linataka machungwa ya kula, la jioni linataka kikapu kizima cha kupeleka nyumbani. Tatu, chenji iwe mkononi kabla utingo hajapiga bodi, kwa sababu basi likiondoka na pesa yako umekwisha, na likiondoka wewe ukiwa na pesa ya abiria, wiki ijayo abiria huyo anasimulia kwamba watoto wa Muheza ni wezi. Machungwa yenyewe nilichukua kwa bibi mmoja, jirani yetu, kwa mali kauli. Alinipa sitini, jioni anataka pesa ya sitini. Yaliyooza ni yangu.

Mtaniambia hiyo si elimu? Hesabu ilikuwamo, lugha ilikuwamo, jiografia ilikuwamo, na ubunifu ulikuwamo pia. Rafiki yangu mmoja alianza kuwapa abiria kipande cha chumvi na pilipili kwenye karatasi bila malipo. Mwezi mmoja watoto wote wakawa wanaiga, ikabidi abuni kingine.

Siku moja mwalimu wa zamu alishuka kwenye basi hilohilo. Kesho yake paredi niliitwa mbele, nikachapwa viboko sita, nikaitwa mlanguzi. Wakati ule neno hilo halikuwa mchezo. Ilikuwa mwaka 1983, vita ya wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa sabuni na sukari mitoni usiku wasikutwe nazo. Mtoto wa miaka kumi na moja kuitwa mlanguzi mbele ya shule nzima! Mama yangu alilia. Sikurudi stendi.

Baada ya viboko tulikwenda shamba la shule. Tulikuwa na ekari za mahindi tukilima kila wiki, kipindi cha Elimu ya Kujitegemea. Kwa miaka saba sikuwahi kuambiwa tumevuna magunia mangapi, yameuzwa kwa nani, kwa bei gani, na pesa zimenunua nini. Tuliona tu lori limekuja na limeondoka.

Naomba nieleweke hapa, maana najua kuna wazee wangu watakaosema namtukana Mwalimu. La hasha. Nimeusoma waraka wake wa mwaka 1967 nikiwa mtu mzima, na nilishtuka. Waraka ule haukusema watoto wawe vibarua. Ulisema shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, hesabu ziwekwe, na waone matunda ya kazi yao. Yaani alitaka waonyeshwe daftari! Kilichofika kwetu kilikuwa jembe peke yake. Tulikuwa yule mfanyakazi wa Jinja, tofauti ni kwamba mwenye duka sasa alikuwa serikali.

Na huku ughaibuni msidhani wamemaliza. Mwaka 1962 alikuwapo mwenye benki mmoja jijini London, Sir Walter Salomon, Myahudi mzaliwa wa Hamburg aliyekimbilia Uingereza miaka ya 1930 kuwahepa Wanazi. Mhamiaji mfanyabiashara, kama hawa ninaowaeleza. Yeye ndiye aliyeanzisha Young Enterprise, kwa kuiga mfano wa Marekani. Wanafunzi wanaunda kampuni ya kweli, wanachagua meneja wao, wanauza hisa ndogondogo kwa wazazi na majirani, wanatengeneza kitu, wanakiuza, na mwisho wa mwaka wanaifunga kampuni na kuwaeleza wenye hisa pesa zao zilikwenda wapi. Baadaye, mwaka 2007, ukaja mpango wa kumkopesha mwanafunzi paundi kumi azizungushe kwa mwezi kisha azirudishe. Nami naona jambo hili si la bahati. Mtu aliyejifunza biashara kwa kukosa pa kushika ndiye aliyejua kwamba mtoto hapaswi kuhadithiwa hatari; apewe hatari ndogo aishike.

Lakini mwanangu wa pili, akiwa na miaka kumi na tatu, aliitwa ofisini shuleni kwake hapa kwa kosa la kununua donati za dukani na kuwauzia wenzake kwa faida. Niliitwa nami. Ukutani kwenye ofisi ile lilibandikwa tangazo la wiki ya ujasiriamali. Simtetei, sheria ya shule ni sheria na sukari ni sukari. Ila hakuna aliyemuuliza alipata wapi mtaji, wala alijuaje kwamba Ijumaa haziuziki. Nilimuuliza mimi, garini, tukirudi. Kumbe alikuwa amewakopesha watoto tisa na ameandika majina yote nyuma ya daftari la sayansi. Nilicheka hadi nikasimamisha gari.

Sasa kule nyumbani mambo yamebadilika, na wanaosema nimepitwa na wakati wana haki kidogo. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali na umelisogeza somo la biashara mbele sekondari. Ni jambo jema sana. Shida yangu ni hii: mpwa wangu anasoma somo hilo. Nilimwomba kwenye simu anieleze faida ni nini. Akanisomea maana ya faida kwa Kiingereza, sentensi nzima, bila kukosea. Nikamuuliza mama yake akiuza maandazi mia moja anabaki na kiasi gani. Hajui. Anaishi nyumba moja na biashara, anasoma biashara, na hivyo viwili havijawahi kukutana.

Kwa hiyo nasema hivi. Paundi 2,400 ni karibu shilingi milioni nane. Tutenge nusu. Kidato cha pili wajigawe makundi ya watu watano, kila kundi likopeshwe laki moja kwa muhula mmoja. Milioni nne zinatosha makundi arobaini, yaani wanafunzi mia mbili. Wachague wenyewe watafanya nini: wauze ubuyu, wafuge kuku, watengeneze sabuni, wakaushe ngozi za machungwa, shauri yao. Mwalimu asiwachagulie. Mlezi wa kila kundi awe mtu wa sokoni, mama ntilie, fundi, mwenye duka, na daftari libandikwe ukutani kila mtu alione. Mkopo urudi, faida ibaki kwa watoto. Narudia, faida ibaki kwa watoto, hata kama choo cha shule kina tundu. Nusu iliyobaki iwe ya kufidia watakaopata hasara, kwa sababu watakuwepo.

Najua mnachosema. Mmoja kikaoni alisema walimu watazila. Inawezekana. Lakini kompyuta nazo zinaliwa, tena huwezi kuibandika ukutani hesabu yake. Mwingine alisema watoto wataonja pesa wataacha shule. Ndugu yangu, nenda stendi ya Muheza mchana uwaone walioacha shule bila kuonja chochote.

Hoja iliyonisumbua ni ya dada mmoja wa Korogwe, ambaye aliongea taratibu mwishoni watu wakiwa wanavaa makoti. Alisema: mtoto wa maskini akila hasara, mama yake atauza kuku ili aibu isiingie nyumbani. Mtoto wa mwenye duka, baba atalipa. Kwa hiyo mchezo mmoja, lakini maumivu mawili. Sikuwa na jibu usiku ule. Nimefikiri wiki tatu. Nadhani kanuni iwe kwamba hasara ya kwanza haidaiwi nyumbani kwa mtu yeyote. Kundi lisimame mbele ya wenzao lieleze shilingi kwa shilingi ilivyopotea, na likieleza vizuri likopeshwe tena. Lisiloeleza lisikope. Yule baba wa Jinja aliandika deni la robo ya sukari, hakuandika deni la duka. Kama dada yangu ana njia bora zaidi, ailete, nitaipigia kura.

Wenye kompyuta nao siwadharau. Kama baada ya muhula kundi moja likija likasema linataka kompyuta kwa sababu limeona kazi ya kuchapa barua na fomu pale mjini, na limeleta hesabu yake, nitachangia ya kwangu pembeni.

Kikao ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, ukumbi uleule. Tuko wanachama kumi na tisa. Hadi naandika haya nina kura nne, na mmoja wa hao wanne ni shemeji yangu. Mtakaopinga nawaomba mje na hesabu zenu zimeandikwa, nami nitakuja na zangu.

Naomba kutoa hoja.